Fuko Asiyechimba Jumapili

Tarehe 3 Februari

Kwa Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi mlangoni unachambua mboga, na kama umesimama, basi keti kwanza, maana ni ndefu. Sisi huku wazima. Somo yako ameota meno mawili ya chini na ameshayapa kazi: amening'ata bega, amening'ata kidole, jana ameng'ata kitanda. Nywele zake ndizo zako kabisa, hazitaki kusikia habari ya kitana. Baba yake anakusalimia. Yuko safari ya kikazi.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi! Najua siku naondoka ulisema nitarudi kabla mtoto hajajua kukaa. Mtoto anakaa, Shangazi, tena bila mto, na mimi nina chumba chenye ufunguo wake.

Ni hivi. Kuna nyumba kumi na mbili zimezunguka uwanja mmoja wa nyasi. Nyasi hizo hazikanyagwi na hazilishi mnyama yeyote, zinatazamwa tu. Zina kamati. Mwenyekiti wa kamati ni mkurugenzi mstaafu, na Katibu ni bwana mmoja mwembamba anayeandika kila anachosema Mwenyekiti, hata akikohoa. Sasa kaingia fuko. Kila asubuhi wanakuta marundo ya udongo katikati ya nyasi, na Mwenyekiti akiyaona anashika kifua kama mtu aliyevunjiwa nyumba.

Kazi yangu ni kuyahesabu. Asubuhi na mapema nazunguka, mtoto mgongoni, naandika kwenye kitabu: Jumatatu manne, Jumanne sita. Kisha nayasawazisha kwa reki. Ndipo wakanipa stoo ya mashine ya kukatia nyasi tukae. Mashine ina kona yake, sisi tuna yetu, na dirisha tunagawana. Mkataba nimeusoma mwenyewe mara tatu: "Mhesabuji atakaa katika chumba hicho mpaka fuko atakapokwisha."

Wewe hakuna fuko aliyegusa viazi vyako akaishi kuwasimulia wenzake. Nifundishe. Nataka waone nimetoka kwa watu wanaojua kazi.

Mtoto wa kaka yako, anayekukumbuka hasa saa ya kuosha vyombo.


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, viazi vizima. Usishangae mwandiko, anayeniandikia ni mshonaji, jirani yetu, maana miwani yangu imepotea.

Mbusu somo yangu kwenye hayo meno. Akikung'ata tena mwambie shangazi anasema ana haki, lakini apunguze.

Kuhusu fuko: hapendi upepo ndani kwake. Fukua rundo lililo bichi mpaka uone tundu, liache wazi, simama na jembe, usikohoe. Akisikia upepo atakuja kuziba, amesukuma udongo kwa kifua. Hapo jembe moja. La pili ni la mtu asiyejua. Asubuhi moja inatosha, sioni kamati inatafuta nini hapo.

Safari ya kikazi? Ya kazi ipi? Basi, sijauliza.

Umesoma mkataba mara tatu. Usome ya nne.

Shangazi yako.


Tarehe 12 Aprili

Shangazi wangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Mtoto alishikwa na homa, sasa amepona na analia kwa nguvu zake zote za zamani. Mpe mshonaji salamu. Anaandika vizuri, mistari yake imenyooka kama mshono. Baba mtoto bado yuko safari.

Njia yako ya jembe niliipeleka kwenye kikao. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni njia nzuri, lakini haina hatua." Katibu akaandika: haina hatua. Basi wakaita mtaalamu. Alikuja na viatu visivyoingia matope, akachomeka ardhini mti wa chuma unaolia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Alisema fuko hatavumilia mlio ule hata siku mbili. Kesho yake fuko alikuwa amezungushia mti ule marundo matano, vizuri kabisa, kama anaupandia mbolea.

Hapo Katibu akagundua kosa liko wapi. "Ndugu Mwenyekiti," akasema, "huyu mnyama hatujawahi kumpa taarifa rasmi." Kweli, hakuna aliyempa. Ikaandikwa barua yenye muhuri, ikabandikwa kwenye kijiti mbele ya rundo kubwa. Mtaalamu akasema fuko haoni vizuri, ila anasikia. Kwa hiyo nimekabidhiwa kipaza sauti, na kila asubuhi baada ya kuhesabu nainama kwenye tundu nasoma: "Kwa Fuko, popote ulipo chini ya uwanja huu. Kamati imesikitishwa na mwenendo wako. Unatakiwa kusitisha uchimbaji ndani ya siku kumi na nne, la sivyo hatua zitafuata. Tunarudia: acha. Acha mara moja."

Siku ya kwanza neno "kusitisha" lilinitoa jasho, unajua shule yangu iliishia wapi. Sasa nalisoma bila kusimama. Mtoto akisikia "acha" anacheka mpaka anapata kwikwi.

Wiki moja kitabu kilikuwa na sifuri tupu. Mwenyekiti akanipongeza, akasema mwisho wa mwezi nirudishe ufunguo. Lakini Mungu ni mwema, Jumatatu marundo yakatokea tena. Matano!

Nimepanda mchicha na vitunguu nyuma ya stoo. Vinaota vizuri.

Mtoto wako.


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Nimekufundisha jembe, umeniletea kipaza sauti. Mshonaji amecheka mpaka kadondosha kalamu, na mimi nimemwambia aandike tu, asilete mambo.

Tujibu: huyo fuko alijibu barua yao?

Huku mahindi yamebeba. Tumbili wamekula kidogo, mstari wa nyuma tu, na nusu ya mstari wa mbele. Nawaona dirishani. Wako saba, mkubwa wao mkia umekatika, na anachagua hindi kama mteja wa sokoni: anaminya, anaacha, anaminya jingine. Kuku nimewahamishia humu ndani, wananichangamsha.

Usifikirie kuja. Barabara mbovu na mtoto bado mdogo.

Mara ya mwisho uliandika Mungu ni mwema kwa sababu fuko amerudi. Nimeusikiliza huo mstari mara mbili. Mshonaji naye kausoma mara mbili bila mimi kumwambia.

Shangazi yako.


Tarehe 20 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri mno. Somo yako anasimama kwa kushika mashine ya kukatia nyasi, na akianguka anaitazama mashine kwa lawama.

Huku mambo yamekuwa makubwa. Fuko wetu amebadilika tabia! Mtaalamu amepima marundo yote kwa kamba na kukuta yanalingana, hakuna dogo, hakuna kubwa. Amesema katika kazi yake yote hajaona fuko mwenye nidhamu kama huyu. Kisha akachukua udongo, akaunusa, akakuta ni mweusi na una maganda ya vitunguu ndani yake, wakati udongo wa uwanjani ni mwekundu. Akaandika ripoti ya kurasa arobaini. Anasema fuko huyu anapita chini ya majiko ya nyumba zote kumi na mbili. Mama wa nyumba ya saba amehamisha jiko lake barazani.

Na kuna hili: Jumapili hachimbi. Katibu huwa anatazama akiwa barazani, haoni hata rundo moja, ndiyo siku ambayo mimi nalala mpaka jua lichomoze. Mwenyekiti alitikisa kichwa akasema, "Huyu ana akili ya ofisini." Tangu hapo anamwogopa, lakini pia nahisi anamheshimu. Juzi aliinua kofia alipopita karibu na rundo.

Zimeundwa kamati ndogo tatu. Ya kwanza ni ya udongo na ya pili ni ya Jumapili. Ya tatu inazisimamia hizo mbili. Wote wamekwenda ziara ya mafunzo kuangalia nyasi za watu ambao hawana fuko. Wamerudi wamechoka, wanasema kweli kule hayupo.

Nyasi zenyewe hazijawahi kupendeza hivi. Hakuna hata shimo moja chini ya hayo marundo, ukiyapangusa unakuta nyasi nzima. Mtaalamu anasema hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Mchicha wangu haujaguswa, usijali.

Mtoto wako mwenye chumba.


Tarehe 15 Julai

Mwanangu,

Mshonaji amenisomea barua yako mpaka mwisho, kuku wakitusikiliza.

Mimi nimeishi na fuko miaka mingi kuliko huyo mtaalamu na viatu vyake. Fuko hajui Jumapili. Fuko anafukua udongo wa pale pale alipo, hausafirishi. Akifanya rundo, chini yake pana tundu, maana udongo umetoka ndani, haukushuka kutoka juu. Na hajali kama rundo la leo linafanana na la jana.

Fuko anayelala mpaka jua lichomoze, anayepima udongo kwa kikombe, anayemenya vitunguu na kutupa maganda, huyo namjua. Nimemlea mwenyewe. Nilimnywesha uji kwa kikombe kile kile cha bati ulichoondoka nacho, kile chenye pengo ukingoni.

Sikugombezi. Nauliza tu: asubuhi unapoinama na mtoto mgongoni, unapangusa goti ukimaliza? Wakiona goti lina udongo mweusi itakuwa ripoti ya kurasa themanini.

Mlango wa nyumba hii hauna mkataba. Lakini usije kwa ajili yangu, mimi niko vizuri.

Shangazi yako.


Tarehe 3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa sakafuni. Mtoto alidhani ni mchezo, akaja kukaa karibu.

Ni kweli yote. Ni kikombe cha bati.

Jembe nililijaribu, mwisho wa Machi. Nilifukua kama ulivyosema, nikasimama, sikukohoa. Akaja. Ana macho madogo kama yamefumbwa, amesukuma udongo kwa kifua, kama mtu aliyesikia mlango wake unapigwa na upepo akaja kuufunga tu alale. Wala hakunijua kama nipo. Jembe liko juu, nikakumbuka umeniambia nisome mkataba mara ya nne. Mpaka fuko atakapokwisha. Nikalishusha polepole. Siku ya pili akahama mwenyewe, labda ile barua yenye muhuri ilimuumiza. Sifuri, sifuri, sifuri. Mtoto alikuwa na homa, na Mwenyekiti ananipongeza huku anautazama ufunguo.

Na baba mtoto hayuko safari. Alitoka kununua kiberiti, mwezi wa kumi na mbili.

Hayo ni yangu. Sasa na mimi nakuuliza, maana uliyenilea ni wewe na hayo macho nimeyarithi.

Shangazi, wewe hujawahi kuwa na miwani. Unatunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa jiko. Sasa imepotea miwani gani? Na umemwona tumbili mkia umekatika, umemwona anaminya hindi moja moja, na umekaa dirishani? Wewe? Tumbili wa kwetu walikuwa wakisikia mlango wako unalia, wanaacha mahindi na wanasahau watoto. Na kuku ndani ya nyumba! Mimi nilifinywa kwa kuacha kifaranga kivuke kizingiti.

Umeanguka lini? Na nani anachota maji?

Leo sikuchukua kikombe. Kitabuni nimeandika sifuri, na kesho nitaandika sifuri. Wakitaka ufunguo wao, wachukue.

Mtoto wako.


Tarehe 19 Agosti

Mwanangu,

Una maneno mengi kwa mtu mwenye udongo gotini.

Sijaanguka. Niliteleza. Goti lilijikunja vibaya kidogo. Tumbili wanakula, lakini hawali yote, wanabakiza mabua. Habari ya kiberiti nilikuwa naijua, nilisubiri uiseme wewe. Mbakie hukohuko mlikopata chumba, usimtoe mtoto penye ufunguo kumleta penye kuku.

Shangazi yako.

Nyongeza. Hii ni mimi mshonaji, yeye amesinzia. Alianguka tarehe ishirini na nne Februari akimkimbiza huyo wa mkia uliokatika. Mkono wa kulia ulivunjika, umeunga ila hauna nguvu, goti bado. Maji nachota mimi. Alinikataza nisiandike. Nimeandika kila neno lake miezi hii yote, kwa hiyo na mimi nina haki ya mistari michache. Kila barua yako ikija hulala nayo chini ya mto, halafu asubuhi ananiambia imepotea, niitafute, nimsomee tena.


Tarehe 8 Septemba, Jumapili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi la leo ili itangulie. Sisi tunafuata Alhamisi, mtoto akimaliza dawa ya kifua. Usimwambie mshonaji ahangaike, ila mwambie yule mkubwa wa tumbili ale haraka haraka.

Nisikilize yaliyotokea leo.

Sifuri zilifika thelathini. Kamati ikakaa, ikatangaza ushindi, na mtaalamu akaandika kwamba fuko ameshindwa kisaikolojia. Leo saa nne ilikuwa sherehe pale pale kwenye nyasi: viti, zulia jekundu na wageni. Mimi nimeandikiwa cheti, "kwa kusoma onyo kwa ufasaha." Nimekikunja vizuri, utakiona.

Asubuhi nikatoka kupiga jicho la mwisho, maana mkono umezoea kile kitabu. Katikati ya uwanja, mahali penyewe pa kiti cha Mwenyekiti, pana rundo. Jekundu, bichi, limekaa upande. Nikainama nikalipangusa. Tundu hili hapa.

Shangazi, hilo si langu. Hilo ni la kweli. Tena Jumapili!

Katibu akaja nyuma yangu na orodha ya viti.

"Mama, hiki ni nini?"

"Rundo."

"La nani?"

"La fuko."

"Haiwezekani. Cheti kimeshapigwa muhuri."

"Basi mwonyeshe muhuri."

Akatazama huku na huku, akainama sikioni. "Mama, sikiliza. Nikimwambia Mwenyekiti, sherehe imevunjika, lakini kazi yako imerudi. Chumba ni chako tena, na huyu akiwa mkaidi kama yule, ni mwaka mzima. Nisipomwambia, utarudisha ufunguo saa sita. Chagua wewe, mimi nitaandika utakachosema."

Sitakuficha, niliushika ule ufunguo mfukoni mpaka ukapata joto. Ni ufunguo wa kwanza maishani mwangu. Kilichonitoa ni mtoto: alikuwa mgongoni, akanyoosha mkono juu ya lile tundu akapiga kelele, "Acha!" Ndilo neno lake la kwanza, Shangazi. Wengine wanaanza na mama. Nikacheka, nikajua liko shamba linalolihitaji neno hilo kuliko nyasi za kutazamwa.

Nikamwambia Katibu, "Tandika zulia." Akatandika.

Mwenyekiti akasimama juu yake na kuonekana mrefu kuliko wote. Akasema adui ameondoka na hatarudi kamwe. Wakati anasema "kamwe" zulia likapanda kidogo chini ya kiatu chake cha kushoto. Akahamia cha kulia, akaendelea. Wageni wakapiga makofi. Mimi na Katibu tulikuwa tunatazama kiatu tu.

Ufunguo nimeurudisha. Mpaka Alhamisi mama wa nyumba ya saba ametupa nafasi jikoni kwake, maana jiko lenyewe bado liko barazani. Kitabu nimekiacha mezani kwa Mwenyekiti, wazi, kwenye mstari wa leo: Jumapili, moja. Kipaza sauti wamenipa kiwe kumbukumbu.

Kikombe cha bati nimekiosha, kimekuwa kikombe tena. Waambie kuku watoke ndani. Na ule mlango, usiupake mafuta. Uache ulie, nataka tumbili wausikie nikiufungua.

Tunakuja. Mimi, somo yako, na neno lake moja.